Kubadili Mbinu Katikati ya Mechi ya Tenisi

Mchezaji aliyeachwa gemu 4 kwa 1 katika seti ya kwanza huketi kwenye benchi akiwa na sekunde 90 za kupumzika, na mara nyingi huzimaliza zote kwa kujilaumu. Akiinuka, hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama huanza kupiga kila mpira kwa nguvu zaidi, ama hubadili kila kitu kwa mpigo, hata baada ya gemu mbili nyingine hajui tena ni nini alichokuja kufanya uwanjani. Njia zote mbili humfaidi mpinzani. Kubadili mbinu kuna utaratibu wake, na utaratibu huo huanza na swali moja ambalo mchezaji anapaswa kulijibu kabla hajagusa chochote: je, mpango wangu ni mbaya, au mpango ni mzuri ila mikono yangu leo haiutekelezi?

Majibu ya swali hilo yanapeleka sehemu tofauti kabisa. Mpango ukiwa mbaya, kuutekeleza kwa ufundi zaidi kutakuchelewesha tu kushindwa. Mpango ukiwa mzuri na mipira ndiyo inayokosea, kuuacha ni kumpa mpinzani zawadi ambayo hakuitolea jasho.

Pointi zinaishia wapi

Matokeo yanakuambia nani anaongoza, lakini hayakuambii kwa nini. Sababu utaipata katika namna pointi zinavyomalizika. Umepiga mpira wavuni bila mtu kukuharakisha, au umepiga ukiwa unakimbia na mwili umepinda? Mpinzani amepiga mpira ambao hukuugusa, au umempa wewe mwenyewe mpira mfupi uliomruhusu kufanya hivyo? Huhitaji kukumbuka mechi nzima. Kumbuka pointi nne za mwisho tu, na ujiulize kila moja ilianza kuharibika kwenye pigo la ngapi.

Hilo la mwisho lina uzito kuliko wachezaji wengi wanavyodhani, kwa sababu mara nyingi kosa tunalolikumbuka ni pigo la mwisho, ilhali pointi ilikwishapotea mapigo mawili kabla. Mtu hulalamika kwamba fohendi yake, yaani pigo la upande wa mkono ulioshika raketi, imemkatalia siku hiyo. Ukimtazama kwa makini unaona kwamba anaupiga mpira huo akiwa amechelewa, mguu wa nyuma ukiwa bado hewani na mpira umekwisha kufika usawa wa nyonga, karibu na mgongo wake. Fohendi haina kosa. Kosa ni mpira wa polepole alioutuma mapema katikati ya uwanja, ambao mpinzani aliungojea akiwa ametulia na kuutuma alikotaka. Mchezaji huyo anahitaji kubadili mbinu. Lakini yule anayefika mapema, akasimama vizuri na bado mpira ukagonga wavu, huyo anahitaji kulenga juu zaidi na kupunguza haraka, na mpango wake abaki nao.

Tazama pia urefu wa pointi. Kama nyingi zinakwisha kabla mpira haujavuka wavu mara nne, tatizo lako liko kwenye sevu, yaani mpira wa kuanzisha, au kwenye namna unavyourudisha. Katika hali hiyo hakuna faida ya kutafuta mbinu mpya za kupigiana mipira mirefu kutoka nyuma, kwa kuwa pointi hazifiki huko. Kama pointi ni ndefu na wewe ndiye unayekosea kwenye pigo la nane au la tisa, basi subira ya mpinzani imeizidi yako, na hilo lina dawa yake nitakayoieleza mbele.

Mfano bora ninaoujua wa kulijibu swali hili kwa usahihi ni fainali ya Wimbledon ya mwaka 1975, ingawa somo lake ni la kutobadili. Arthur Ashe alikutana na Jimmy Connors, bingwa mtetezi, mchezaji wa mkono wa kushoto aliyestawi kwa kuitumia kasi ya mipira ya wapinzani wake. Ashe alijulikana kwa kupiga kwa nguvu, lakini siku hiyo aliingia na mpango wa kumnyima Connors kasi anayoipenda. Alipiga sevu za kukata zilizomvuta nje ya uwanja upande wa bekhendi (pigo la upande wa pili wa mwili) yake ya mikono miwili, akamlisha mipira ya chini na ya polepole kwenye fohendi, na Connors alipopanda wavuni, Ashe alipiga lobu, yaani mpira wa juu unaompita mtu aliye wavuni, juu ya kichwa chake. Seti mbili za kwanza ziliisha 6–1, 6–1. Kisha Connors akaichukua seti ya tatu 7–5 na kuongoza 3–0 katika seti ya nne. Hapo ndipo wachezaji wengi wangeurudia mchezo wao wa kawaida na kuanza kupiga kwa nguvu. Ashe aliona kwamba mpinzani wake alikuwa amepandisha kiwango kwa muda, na kwamba mpango wenyewe ulikuwa bado unauma. Aliendelea nao na kuimaliza seti hiyo 6–4. Kila ninapomwona mchezaji akitupa mpango wake kwa sababu tu amepoteza gemu tatu, huikumbuka seti hiyo ya nne.

Kuutumia muda ulionao

Kanuni hukupa sekunde 25 kati ya pointi na pointi, sekunde 90 mnapobadilishana pande, na sekunde 120 seti inapokwisha. Baada ya gemu ya kwanza ya kila seti, na mnapobadilishana pande katikati ya taibreka, yaani gemu ya kuamua seti iliyofungana 6–6, hakuna kuketi. Fikra za mbinu zina nafasi yake katika ratiba hii, na kosa kubwa ni kuzifikiri mpira ukiwa unaruka.

Katika sekunde 25 fanya jambo dogo moja tu: amua pointi ijayo utaianzaje. Ukiwa wewe ndiye unayepiga sevu, chagua upande wa kuituma na pigo litakalofuata. Ukiwa unarudisha, chagua mahali pa kusimama na upande wa kuurudishia mpira. Maamuzi makubwa yasubiri benchi. Ukiketi, weka taulo magotini, kunywa maji, na uyaelekeze macho kwenye nyuzi za raketi yako hadi pumzi itulie, kwa maana mtu anayehema hafikiri vizuri. Kisha jiulize maswali mawili kwa mpangilio huu: pointi nilizoshinda nilizishindaje, na pointi nilizopoteza zilianza kuharibika wapi? Nimeliweka swali la ushindi mbele kwa makusudi. Hata mchezaji aliyeachwa 4–1 ameshinda pointi kadhaa, na humo ndimo mara nyingi mpango mpya unamojificha.

Kwa miaka mingi mchezaji wa mmoja dhidi ya mmoja katika mashindano ya kawaida hakuruhusiwa kusaidiwa na kocha mechi ikiendelea. Tangu tarehe 1 Januari 2025 kanuni za kimataifa zinaruhusu maelekezo mafupi kutoka nje ya uwanja, katika mashindano yanayoukubali utaratibu huo. Ukiwa na mtu wa kukuelekeza, mwombe akupe neno moja la kufanya kwa kila mapumziko, kama vile "simama nyuma" au "pandisha mpira". Kocha anayetaja mambo matano humwacha mchezaji bila hata moja.

Badili kitu kimoja, na uanze na kilicho rahisi

Ukishajua kwamba mpango ndio unaokosea, kuna mambo manne unayoweza kuyabadili: mahali unaposimama, kimo cha mpira, kasi ya mpira, na mwelekeo wake. Nimeyataja kwa mpangilio ambao ningekushauri uyajaribu, kwa sababu la kwanza halihitaji ufundi mpya hata kidogo na la mwisho linahitaji usahihi ambao mtu aliye nyuma mara nyingi hana.

Mahali pa kusimama ni badiliko lisilogharimu chochote, na bado ndilo linalosahaulika zaidi. Mpinzani mwenye sevu kali inayokufikia kabla hujageuza mabega, mrudie nyuma hatua mbili. Utapata muda zaidi wa kuupiga mpira, ingawa utamwachia nafasi pana pembeni, kwa hiyo angalia kama ana sevu ya kona inayoweza kukutoa uwanjani. Mpinzani mwenye sevu ya pili dhaifu, ile inayopigwa ya kwanza ikikosewa, msogelee hatua mbili ndani ya mstari wa nyuma kabla hajaurusha mpira juu. Hata usipoipiga vizuri, atakuona umesimama pale, na wengi huanza kukosea sevu mara mbili mfululizo kwa kutaka kuifanya iwe kali kuliko uwezo wao. Mchezaji wa mkono wa kushoto anayekuvuta nje upande wa bekhendi anapopiga sevu kutoka upande wa faida, yaani ule unaokuja kushoto kwako, msubiri hatua moja zaidi kushoto, umwachie katikati, na umlazimishe apige sevu asiyoipenda.

Mahali pa kusimama panaweza kubadili hata pambano la miaka mingi. Rafael Nadal kwa muda mrefu alimtesa Roger Federer kwa mipira yenye mzunguko mkali iliyoruka hadi mabegani upande wa bekhendi. Katika fainali ya Australia ya mwaka 2017 Federer alibaki karibu na mstari wa nyuma na kuupiga mpira huo ukiwa bado unapanda, kwa pigo la kuusukuma mbele badala ya kuukata. Katika seti ya tano aliachwa 3–1, akaendelea kuupokea mpira mapema vilevile, akashinda gemu tano mfululizo na kuimaliza seti 6–3. Sishauri mchezaji wa kawaida ajaribu kuupiga mpira ukiwa unapanda kwa mara ya kwanza katikati ya mechi. Ninachosisitiza ni kwamba pigo lilikuwa lile lile la bekhendi, na kilichobadilika zaidi ni pale alipokutana na mpira.

Kimo cha mpira ndiyo silaha ya mtu anayekosea. Wavu una urefu wa sentimita 91.4 katikati na sentimita 107 kwenye nguzo. Uwanja una urefu wa mita 23.77, lakini mpira unaopigwa mshazari kutoka kona moja hadi nyingine, katika uwanja wa mmoja dhidi ya mmoja wenye upana wa mita 8.23, una zaidi ya mita 25 za kutua. Kwa hiyo mpira wa mshazari hupita juu ya sehemu ya chini ya wavu na kupata takriban mita moja na sentimita 40 zaidi za uwanja. Mpira unaokwenda sambamba na mstari wa pembeni hupita juu ya sehemu ya wavu iliyo ndefu na kupata uwanja mfupi. Niliwahi kumtazama kijana mmoja akipoteza gemu tano mfululizo, na katika gemu hizo aliupiga mpira wavuni karibu na nguzo mara nyingi kiasi kwamba kitambaa cha wavu upande ule kilikuwa kikitikisika kila nilipoinua macho. Alidhani amekuwa mchezaji mbovu ghafla. Kumbe alikuwa akijaribu pigo gumu kuliko yote uwanjani kutoka mahali pabaya. Alipoanza kuupitisha mpira mshazari, juu ya wavu kwa kimo cha raketi moja, seti ya pili ilikuwa mechi nyingine.

Kasi ndiyo ya tatu, na ushauri wangu hapa ni kwamba mara nyingi upunguze kabla ya kuongeza. Mchezaji anayepata mpira wenye kasi ileile kila mara huingia katika mdundo, na ukishamwingiza katika mdundo huo si rahisi kumtoa. Mpira mmoja mrefu wa juu, kisha mmoja wa chini uliokatwa, kisha wa kawaida, humfanya apange miguu upya kila pigo. Mwelekeo uje mwisho, na ukiubadili, lenga mita moja ndani ya mstari. Mtu anayelenga mstari wenyewe akiwa nyuma kwa matokeo huongeza makosa tu.

Mpinzani wa aina gani yuko mbele yako

Mpinzani anayepiga kwa nguvu huishi kwa mpira wa usawa wa kiuno unaomjia kwa kasi. Mnyime vyote viwili. Mpelekee slaisi, yaani mpira uliokatwa unaoteleza chini ya magoti, kisha mpira wa juu unaotua karibu na mstari wa nyuma na kumrukia mabegani. Katika nusu fainali ya mashindano ya wazi ya Marekani ya mwaka 2015, Serena Williams alikuwa amekwisha kutwaa mataji makubwa matatu ya mwaka huo na alihitaji mechi mbili tu kukamilisha yote manne. Roberta Vinci, ambaye hakuwa hata katika orodha ya wachezaji waliopangwa kama tishio, alipoteza seti ya kwanza 6–2. Slaisi yake ya bekhendi iliendelea kumlazimisha Williams ainame kuutafuta mpira usio na kasi yake mwenyewe, na mara kwa mara Vinci aliipandia wavuni. Alishinda seti mbili zilizofuata 6–4, 6–4. Kinachofaa kuchukuliwa hapo ni kwamba hakujaribu kushindana kwa nguvu na mtu aliyemzidi nguvu.

Anayerudisha kila mpira ni mgumu zaidi kwa wachezaji wengi, na kwa maoni yangu ndiye anayefichua udhaifu wa fikra zetu. Hakupigi, anakungoja ujipige mwenyewe. Kila mpira unaoupiga kwa hasira ukatoka nje ni pointi yake, na kadiri unavyoongeza nguvu ndivyo unavyomfanyia kazi. Mchezaji wa aina hii huwa amezoea kusimama nyuma ya mstari wa nyuma na kukimbia kushoto na kulia, kwa hiyo mkimbize mbele na nyuma. Mpe mpira mfupi na wa chini ili aje wavuni asikokupenda, kisha mpitishie kando yake au juu yake. Usiharakishe mpira wa kudondosha, yaani huo mfupi unaoanguka karibu na wavu, maana ukiupiga kutoka nyuma sana atauwahi. Usubiri hadi wewe mwenyewe umeingia ndani ya uwanja. Njia ya pili ni kupanda wavuni wewe, lakini uje nyuma ya mpira mrefu unaotua karibu na mstari wake wa nyuma, hasa wa katikati, kwa sababu kutoka katikati hana pembe nzuri ya kukupitisha. Na kama huna mchezo wa wavuni, basi kubali kucheza pointi ndefu na utume mipira mirefu katikati hadi yeye ndiye akose subira. Ni kazi inayochosha, lakini inashinda.

Kwa anayepanda wavuni kila mara, piga lobu mapema katika mechi hata kama utaipoteza pointi hiyo, ili asithubutu kuusogelea wavu mno. Baada ya hapo mrudishie mpira wa chini kwenye miguu yake, naye atalazimika kuuinua.

Usisubiri mechi ianze ndipo umjue. Katika dakika chache za kupasha misuli moto, mpelekee mpira mmoja moja kwa moja mwilini na uone anaukwepa kwenda upande gani. Pigo atakalolichagua bila kufikiri ndilo analoliamini. Mtazame pia miguu: anayezunguka bekhendi yake ili apige fohendi huhamisha mguu wa kushoto mapema, ikiwa anatumia mkono wa kulia, na kila anapofanya hivyo huacha upande wote wa fohendi wazi.

Lini ubadili, na uvumilie kwa muda gani

Badiliko jipya lijaribiwe wakati pointi si ghali. Ukiwa unaongoza 40–15 kwenye gemu ya sevu yako, au mpinzani akiongoza 40–0 kwenye yake, una nafasi ya kujaribu bila kulipa sana. Kwenye 30–40 ya sevu yako, ambapo mpinzani amebakiza pointi moja kuichukua gemu, piga kile unachokiamini zaidi. Nafahamu kwamba kuna mifano mashuhuri inayoenda kinyume na ushauri huu, na nitautaja mmoja hapo chini, lakini mshangao wa mara moja na mpango mpya ni vitu viwili tofauti.

Ukiubadili mpango, upe walau gemu mbili, moja ya sevu yako na moja ya sevu yake, kabla hujauhukumu. Pointi mbili hazitoshi, kwa sababu pigo la kwanza la mbinu mpya mara nyingi huwa bovu hata kama mbinu yenyewe ni sahihi. Baada ya gemu hizo mbili usijiulize kama umeshinda. Jiulize kama pointi zimeanza kumalizikia mahali pengine. Ikiwa mpinzani aliyekuwa akipiga mipira usiyoigusa sasa anakosea, au analazimika kupiga akiwa nyuma ya uwanja, mbinu inafanya kazi hata kama gemu zote mbili zimekwenda kwake.

Naye mpinzani ana macho. Ukimshika kwa slaisi, baada ya gemu kadhaa ataanza kuingia ndani na kuungojea. Kwa hiyo usiitumie silaha mpya kwenye kila mpira. Itumie mara chache, kwenye pointi zenye uzito, ili asipate mazoezi ya kuizoea. Katika fainali ya mashindano ya wazi ya Marekani ya mwaka 2019, Daniil Medvedev, anayejulikana kwa kusimama mbali nyuma na kurudisha kila kitu, alipoteza seti mbili za kwanza kwa Nadal 7–5, 6–3. Alianza kupanda wavuni mara nyingi kuliko ilivyokuwa desturi yake, na akachukua seti mbili zilizofuata 7–5, 6–4. Nadal alijipanga upya na kushinda ya tano 6–4, baada ya karibu saa tano za mchezo. Medvedev hakutwaa taji, lakini mtu aliyekuwa ukingoni mwa kufungwa seti tatu kwa bila alilifikisha pambano kwenye gemu ya mwisho.

Mwili unapokataa

Kuna siku ambapo mpango ni mzuri, mikono inautekeleza, ila miguu haiwezi tena. Hapo mbinu inabadilika kwa lazima. Mwaka 1989, katika raundi ya nne ya mashindano ya Ufaransa, Michael Chang aliyekuwa na umri wa miaka 17 alimkabili Ivan Lendl, mchezaji namba moja duniani, akapoteza seti mbili za kwanza 6–4, 6–4. Aliposhinda ya tatu na ya nne, misuli ya miguu ilikuwa imembana kiasi kwamba kuketi kulimdhuru. Alianza kupiga mipira ya juu sana ili kupata muda wa kupumua kati ya pigo na pigo, na kufupisha pointi kila alipopata upenyo. Katika seti ya tano, akiongoza gemu 4–3 lakini akiwa nyuma 15–30 kwenye sevu yake, alipiga sevu ya kutokea chini ya kiuno, ambayo kanuni zinairuhusu kabisa. Lendl alishtuka, akaupandia mpira huo mfupi, na Chang akampitisha kando. Kwenye pointi ya mechi, ambayo angeshinda nayo pambano zima, Chang alisogea mbele hadi karibu na mstari wa kisanduku cha sevu, na Lendl akakosea sevu zote mbili. Chang alitwaa taji la mwaka huo.

Kutoka hapo chukua mambo mawili ya kutumia siku misuli ikibana. Tumia mpira wa juu kujipatia sekunde, na umfanye mpinzani akufikirie wewe badala ya kufikiria mpira. Tumia pia sekunde zako 25 zote unapopiga sevu, bila kuzipita.

Upepo, jua na mipira

Mara nyingine kilichobadilika si mpinzani. Upepo ukikuvumia usoni, piga mipira mirefu bila hofu kwa sababu haitatoka kirahisi, na mpira wa kudondosha utakuwa mtamu. Ukikuvumia mgongoni, ongeza mzunguko wa juu ili mpira uanguke ndani. Jua likiwa machoni pa mpinzani, mpe lobu. Likiwa machoni pako unapopiga sevu, urushe mpira kidogo kando badala ya kulitazama jua. Mipira mipya huwa mikavu na ya haraka, na iliyotumika huvimba manyoya na kupunguza kasi. Katika mashindano ya juu mipira hubadilishwa baada ya gemu 7 za kwanza na kisha kila baada ya gemu 9, na mchezaji mwenye sevu nzuri huzihesabu gemu hizo akijua ni lini mipira mipya itakuwa mkononi mwake.

Katika mchezo wa wawili kwa wawili, badiliko rahisi ni la mpangilio. Ikiwa mwenzako aliye wavuni anapigwa mipira mwilini kila mara unaporudisha sevu, rudini nyuma wote wawili kwa gemu mbili. Mkiwa nyie ndio mnaopiga sevu na mpinzani anairudisha mshazari bila shida, mwenzako asimame upande mmoja nawe, ili mpinzani alazimike kuurudishia mpira kwenye mstari wa pembeni.

Daftari baada ya mechi

Kabla hujavua viatu, andika mistari mitatu: pointi zako nyingi ulizipataje, ulibadili nini na kwenye gemu ya ngapi, na mpinzani alijibuje. Andika hata uliposhinda. Ukimkuta mtu huyohuyo katika mashindano mengine, kwa mfano, utajua kwamba alianza kuisubiri slaisi yako kwenye gemu ya sita ya seti ya pili, na safari hii utaibadilishia kimo kwenye gemu ya tano.